Kulisoma Gari Kuukuu: Utambuzi wa Daraja la Gari na Msamiati Wake huko Mutoshi, Kolwezi

1. Utangulizi

Mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika hununua vitu viwili kwa wakati mmoja: chombo chenyewe na maneno yanayokieleza chombo hicho. Chombo huweza kukaguliwa kwa macho na mikono. Maneno ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa yamepita katika lugha kadhaa kabla ya kumfikia mnunuzi, na katika kila lugha yamepoteza kitu au yamejiongezea kitu. Miongoni mwa maneno hayo, yaletayo hasara mara nyingi ni yale yanayotaja daraja la gari, yaani herufi kama GX, VX, DX au GL zinazobandikwa ubavuni au mgongoni mwa gari.

Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, daraja la gari ni nini na kwa nini Kiswahili kinahitaji istilahi moja iliyo wazi ya kulitaja. Pili, daraja hilo hutambuliwaje katika gari kuukuu, hasa Toyota Land Cruiser, ambalo ni gari la kawaida katika ukanda wa shaba wa Lualaba. Tatu, utambuzi huo unatufundisha nini juu ya lugha yenyewe. Mahali palipochaguliwa ni Mutoshi, kwa sababu hapo Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na misimbo ya kiwanda cha Kijapani hukutana juu ya kipande kimoja cha bati.

2. Mahali na soko

Mutoshi ni eneo la machimbo lililo karibu na mji wa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati wa ukoloni lilijulikana kwa jina la Ruwe, na lilikuwa miongoni mwa machimbo ya awali ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Baada ya kampuni hiyo kutaifishwa, machimbo yaliingia mikononi mwa shirika la serikali ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, uliokuwa sehemu ya Katanga.

Kiswahili cha huko ni tawi la Kiswahili cha Katanga, kilichokua pamoja na biashara ya masafa marefu ya karne ya 19, na kisha pamoja na kambi za wafanyakazi wa migodi. Wachunguzi wengi wamekishughulikia, akiwamo Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kuandika juu ya ukopaji wa maneno katika Kiswahili cha Shaba. Gari huko huitwa *motokari*, dereva ni *shofere*, injini ni *moteri*, chasisi ni *shasi*, na bamba la namba ni *plaki*. Muuzaji hasemi "gari hili ni VX". Husema "hii motokari iko VX". Kitenzi *iko* kinachukua nafasi ya *ni*, na herufi mbili za kiwanda zinakaa palepale pangekaa kivumishi.

Magari yanayofika Kolwezi huja kwa njia kadhaa. Yapo yaliyonunuliwa mapya na kampuni za migodi kisha yakauzwa baada ya kuchoka. Yapo yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Yapo pia yaliyotoka nchi za Ghuba. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa Tanzania na Zambia hupita kushoto barabarani, ilhali Kongo hupita kulia. Kila njia ina aina yake ya gari, upande wake wa usukani, na desturi yake ya kutaja madaraja. Mnunuzi wa Mutoshi huyakuta yote yamesimama katika uwanja mmoja, yamepakwa rangi upya, na kila moja lina herufi zake za kung'aa.

3. Daraja ni nini?

Kiwanda kinapotengeneza gari hakitengenezi kitu kimoja. Huanza na familia, kama Corolla au Land Cruiser. Ndani ya familia kuna vizazi, vinavyofuatana kwa miaka. Ndani ya kizazi kuna maumbo ya bodi na aina za injini. Na ndani ya gari lenye bodi moja na injini moja bado kuna ngazi za vifaa: hili lina viti vya plastiki, sakafu ya mpira na vioo vya kuzungusha kwa mkono, lile lina viti vya kitambaa kizuri, zulia, vioo vya umeme na kipoza hewa. Ngazi hiyo ya vifaa ndiyo inayoitwa hapa *daraja*.

Lugha nne zilizomo katika soko la Kolwezi zinalitazama jambo hili kwa macho tofauti. Kifaransa hutumia neno *finition*, lenye maana ya ukamilishaji: gari limekamilishwa kwa kiasi gani? Kiingereza hutumia neno *trim*, linalotokana na wazo la kupamba na kutia nakshi. Kijapani kimekopa kutoka Kiingereza neno lenye maana ya ngazi, nacho husema *gureedo*. Wauzaji wa Kiswahili, bara na pwani, mara nyingi husema tu *aina* au *toleo*.

Tatizo la *aina* ni upana wake: Corolla ni aina, dizeli ni aina, na VX ni aina. *Toleo* nalo linafaa zaidi kwa kizazi, kwa sababu hudokeza wakati, kama toleo la kwanza na la pili la kitabu. *Umaliziaji*, ambao ungekuwa tafsiri ya neno la Kifaransa, humpeleka msikilizaji kwenye kazi ya fundi wa rangi au wa nyumba. *Daraja* lina faida ya kuwa tayari linatumika kwa ngazi za huduma, kama daraja la kwanza na la pili katika garimoshi, ambako behewa zote huvutwa na injini ileile na hufika kwa saa ileile; kilichotofautiana ni kiti. Mfano huo unaeleza daraja la gari barabara. Kwa hiyo inapendekezwa kutenga maneno haya: *familia*, *kizazi*, *bodi*, *daraja*, na *nyongeza* kwa kifaa kilichoagizwa peke yake nje ya daraja.

4. Bamba kama matini

Gari la Toyota lina bamba dogo la bati, ambalo katika Land Cruiser nyingi hukaa ndani ya chumba cha injini. Juu yake pameandikwa muundo wa gari, namba ya chasisi, injini, rangi, na maelezo ya ekseli na giaboksi. Mwanafunzi wa isimu atakayelisoma atajihisi nyumbani, kwa sababu msimbo wa muundo umejengwa kama kitenzi cha Kiswahili: una nafasi zilizopangwa, na kila nafasi ina kazi yake.

Tuchukue msimbo HZJ105L-GCMRS. Herufi HZ zinataja injini, nayo ni 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo. J ni familia ya Land Cruiser. Tarakimu 105 ni chasisi, iliyouzwa kuanzia 1998 hadi 2007. L ni usukani wa kushoto. Baada ya kistari, GC zinaeleza bodi, M ni giaboksi ya mkono ya gia tano, R ni daraja la kawaida, na S inahusu mfumo wa dizeli.

Sasa tuweke kando yake HZJ105L-GCMNS. Tofauti ni herufi moja tu: palipokuwa na R pana N. Kwa wanafonolojia hii ni jozi ya mlinganuo finyu, kama *pata* na *bata*. Herufi hiyo moja imeliondoa gari katika daraja la kawaida na kulitia katika daraja la GX. Katika magari ya ukoo huu, E mahali hapohapo huonyesha VX. Bei inayotajwa uwanjani, thamani ya gari litakapouzwa tena, na vipuri vya ndani vitakavyohitajika, vyote vinaning'inia katika herufi hiyo.

Hata hivyo, herufi haina maana nje ya nafasi yake. Msimbo HZJ78L-RJMRS, wa Land Cruiser ya kazi iliyoingia sokoni mwaka 1999, una R mbili. Ya kwanza, mara baada ya kistari, ni ya bodi. Ya pili, kabla ya S, ni ya daraja. Na kama gari hilohilo lingetengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto, R ya tatu ingekaa mahali pa L, ikiwa na maana ya usukani wa kulia. Ni kama irabu *a* katika *anapika*: ile ya mwanzo ni ya nafsi, ile ya mwisho ni ya kitenzi, na hakuna msemaji anayezichanganya kwa kuwa kila moja imekaa penye haki yake. Vivyo hivyo, si halali kuichukua N ya Land Cruiser na kuipeleka kwenye Corolla kwa kudhani kuwa itataja daraja lenye jina lilelile. Kila familia ina sarufi yake.

Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hujitambulisha kwa dalili nyingine. Msimbo wake hutanguliwa na herufi za kanuni za moshi, kwa mfano E-, GF-, KC- au KG-. Halina L wala R ya usukani, kwa kuwa huko usukani wa kulia ndiyo hali ya kawaida isiyohitaji kutajwa. Tena halina namba ya utambulisho yenye alama 17 inayotumika kimataifa. Lina namba fupi ya fremu inayoanza na msimbo wa chasisi. Isimu inaijua hali hii pia: kilicho cha kawaida huachwa bila alama.

Kutokana na hayo kunapatikana ushuhuda wenye manufaa makubwa kwa Kolwezi. Iwapo bamba linaonyesha gari la soko la Japani, na usukani uko kushoto, basi usukani umehamishwa. Hapo swali la daraja husimama kando kwa muda na swali la usalama hutangulia: nani aliuhamisha, kwa vipuri gani, na viungo vya usukani na pedali ya breki vimefungwa vipi? Matundu yaliyozibwa katika ukuta wa injini, na vifuta kioo vinavyosafisha vizuri zaidi upande asipokaa dereva, huithibitisha habari ambayo bamba limekwisha kuitoa.

5. Mtego wa neno moja

Juu ya bamba hilohilo pana neno linalowapoteza wengi. Karibu na namba ya rangi huandikwa *trim*, au kifupi chake TR, kikifuatwa na herufi na tarakimu chache. Msomaji aliyejifunza kwamba daraja kwa Kiingereza huitwa *trim* hudhani kwamba amelipata jibu. Sivyo. Hapo neno hilo lina maana yake ya zamani zaidi, yaani mavazi ya ndani ya gari: kitambaa au plastiki ya viti na rangi yake. Linamwambia fundi kama viti ni vya kijivu au vya kahawia. Halisemi kama gari ni GX au VX. Daraja limo katika msimbo wa muundo.

Kosa hili si la ujinga. Ni kosa la neno lenye maana mbili katika lugha chanzi, linalohamia lugha pokezi likiwa na maana moja tu. Kamusi ya istilahi za magari itakayoandikwa kwa Kiswahili itafanya vyema kutenga maingizo mawili: *daraja* kwa ngazi ya vifaa, na *kitambaa cha ndani* kwa hicho kilichoandikwa pembeni ya rangi.

6. Ushahidi wa mwili wa gari

Bamba ni shahidi mwema, ila ni shahidi anayeweza kuhamishwa kwa bisibisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulinganisha namba ya chasisi iliyo juu ya bamba na ile iliyogongwa katika fremu yenyewe. Zisipolingana, hakuna haja ya kuendelea na habari za daraja. Linalobaki ni kuuliza gari limetoka wapi. Karatasi za umiliki, ikiwamo ile inayoitwa *karte roze*, zilinganishwe vilevile.

Zikilingana, mwili wa gari uulizwe. Kanuni ni kwamba kitu kilicho rahisi kuongeza kina ushahidi dhaifu, na kitu kilicho kigumu kuongeza kina ushahidi wenye nguvu. Herufi za kubandika ni dhaifu kuliko vyote. Hununuliwa dukani na kushikizwa kwa gundi. Rimu, vishikio vya milango, redio na hata viti hubadilishwa kwa siku moja. Lakini nyaya zilizolazwa ndani ya milango kwa ajili ya vioo vya umeme, matundu ya dashibodi yaliyotoka kiwandani yakiwa na swichi au yakiwa na vifuniko vitupu, na sahani ya vipimo yenye au isiyo na kipimo cha mizunguko ya injini, ni vigumu kuvighushi bila kuacha alama.

Katika magari mengine tofauti ya daraja hukaa chini ya gari. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968 na kuenea sana Afrika, inatoa mfano bora. Mwaka 1973 liliongezwa daraja la L, lililokuwa na ekseli ngumu nyuma pamoja na breki za ngoma, wakati GL ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea na breki za diski. Mtu akiinama na kutazama nyuma ya gari kwa dakika moja angejua ukweli, hata kama bati lake lingeandikwa nini. Hapo herufi hazikuwa pambo. Zilitaja namna gari lilivyoshika barabara.

Tuseme basi mwalimu wa Kolwezi ameweka akiba kwa miaka kadhaa ili anunue gari la kusafirisha abiria. Anaonyeshwa Land Cruiser yenye VX mgongoni, viti vya ngozi na rimu za aloi. Bei yake ni ya VX. Anafungua boneti, anapangusa vumbi juu ya bamba, na anakuta R palipostahili kuwa E. Anarudi mlangoni: chini ya kitasa cha umeme kilichofungwa karibuni limo tundu la kishikio cha kuzungushia kioo. Gari hilo si bovu kwa sababu hiyo. Huenda daraja la kawaida, lenye vitu vichache vya kuharibika, likamfaa zaidi katika njia za vumbi. Ila si gari aliloambiwa, na bei yake si ile aliyotajiwa. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo karo ya watoto wake.

7. Herufi zinapogeuka majina

Sababu nyingine ya utata ni kwamba herufi za daraja haziishi kiwandani tu. Zikiingia katika lugha ya watu, hubadilika. Nchini Tanzania VX iliacha kuwa ngazi ya vifaa ikawa jina la kundi zima la magari makubwa ya wakubwa, sawa na *shangingi*, neno lililokuwa likimtaja mwanamke kwa dharau kabla ya kupewa gari. *Mkonga* nao, kutokana na bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, ukawa jina la Land Cruiser ya kazi. Baadaye V8, ambayo ni habari ya mpangilio wa silinda, ikawa jina la gari na la cheo cha anayepanda.

Kwa mwanaisimu huu ni upanuzi wa maana wa kawaida, nao hauna lawama. Msemaji anayesema "ameshuka katika VX" anaeleza hadhi ya mtu, na wasikilizaji wanamwelewa. Madhara huanza maana hiyo pana inaporudishwa katika mkataba wa mauziano, ambako mnunuzi anaielewa kama maana finyu ya kiwanda na muuzaji anajitetea kwa ile ya mtaani. Zaidi ya hayo, hata maana finyu hutofautiana kati ya masoko: katika nchi za Ghuba kuna majina kama GXR na VXR, na gari la VX lililoagizwa kwa soko moja si lazima liwe na vifaa vilevile vya VX ya soko jingine. Usemi wa wauzaji wa *fulu opshoni* ni mpana zaidi kupita yote, kwa kuwa hautaji daraja lolote. Unataja furaha ya muuzaji.

8. Hitimisho

Utambuzi wa daraja la gari kuukuu, kama ulivyoelezwa, unafuata hatua nne. Namba ya bamba ilinganishwe na namba ya fremu. Msimbo wa muundo usomwe nafasi kwa nafasi, ndani ya sarufi ya familia yake. Mwili wa gari uulizwe, kuanzia mambo magumu kughushi. Na kila tofauti kati ya bamba na mwili itafutiwe sababu: nyongeza, matengenezo, kuhamishwa kwa usukani, au udanganyifu.

Kwa upande wa lugha, imeonekana kwamba maarifa haya hayawi mali ya mnunuzi mpaka yapate maneno. Fundi wa Mutoshi anaijua tofauti ya gari na gari kwa vidole vyake, lakini anapoieleza hulazimika kuazima neno la Kifaransa kwa jambo moja, la Kiingereza kwa jingine, na herufi tupu kwa la tatu. Kazi ya vyuo, Lubumbashi na Kolwezi sawasawa na Dar es Salaam na Nairobi, ni kumsikiliza fundi huyo, kukusanya *plaki*, *shasi* na *moteri* zake pamoja na *bamba*, *chasisi* na *injini* za pwani, na kuzipanga ili kila dhana ipate neno lake. Kamusi ya namna hiyo ingewafaa wanafunzi. Ingemfaa zaidi mwalimu yule aliyesimama mbele ya boneti iliyo wazi, akiba yake ikiwa mfukoni.